Nyumba Namba Saba, Watu Arobaini na Watatu

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa. Mkurugenzi wa Manispaa ametuita wote ukumbini saa tatu kamili. Yeye akaja saa nne na nusu. Ametangaza kwamba serikali kuu ina fungu la kujenga vituo vya watu wasio na makazi, na manispaa itakayoomba vizuri ndiyo itakayopewa. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa hii, saa kumi jioni. Ombi likipita, atateuliwa Mratibu wa Mradi.

Mratibu! Neno hilo nimeliandika mara tatu pembeni ya daftari. Mratibu atapewa chumba cha ghorofa ya pili, chenye dirisha linalofunguka na kiti kinachozunguka. Mimi nina miaka kumi na mmoja katika chumba kisicho na dirisha, pamoja na mashine ya kurudufu, juu ya kiti cha miguu mitatu na tofali.

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Afisa Ustawi wa Jamii. Ati kwa kuwa amezunguka barabarani miaka tisa na anajua nani anaumwa goti na nani kagombana na dada yake. Hakuna aliyenitazama mimi, Afisa Mipango Msaidizi, Daraja la Pili. Binadamu hana shukrani. Nani aliyebuni yale mabenchi ya stendi yenye chuma katikati, ili mtu asiweze kujilaza? Mimi. Nilipewa cheti. Kiko sebuleni kwangu, juu ya televisheni, na kila mama mkwe wangu akifagia, hukigeuza kikatazama ukuta. Afisa Ustawi naye tangu siku ile hunisalimia kwa kichwa tu.

Nyumbani nimemweleza mke wangu habari za kiti. Ameuliza kama bomba la uani nitalitengeneza lini. Mama mkwe akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na bomba hilo limengoja tangu mwaka juzi. Nyumba ya manispaa, vyumba vitano, ua mpana, na bado hawaridhiki.

Jumanne, 5 Machi

Mkurugenzi amegawa kazi. Afisa Ustawi akusanye majina, mimi niyaingize kwenye mfumo wa Wizara. Kwa maneno mengine, yeye miguu, mimi kichwa.

Amekuja na majina arobaini na matatu kwenye daftari la shule. Namba moja ni Mzee Redio. Namjua. Mzee mwembamba, koti la suti lisilo na kifungo hata kimoja, hukaa stendi akiwa ameegesha sikioni redio isiyo na betri. Afisa Ustawi amenieleza, huku akinikazia macho, kwamba mzee huyo hajalala amenyoosha mgongo tangu chuma kiwekwe, na mganga wa zahanati amesema kifua chake hakitavuka mvua nyingine akiwa nje. Nilisikitika, kwa kweli. Pia niliona ni ushahidi kwamba benchi linafanya kazi yake.

Nikakaa kwenye kompyuta. Jina, sawa. Umri, sawa. Kisha kisanduku chenye nyota nyekundu: Anwani ya Makazi. Nikaacha wazi. Mfumo ukakataa. Nikaweka kistari. Ukakataa. Nikaandika HANA. Ukanijibu kwamba anwani hiyo haitambuliki, hakikisha namba ya nyumba.

Watu wasio na makazi, na lazima waandike makazi. Afisa Ustawi alipiga simu Wizarani. Akapokewa na mtu aliyesema ataulizia kwa wakubwa, apigiwe kesho. Basi akasema yeye atazunguka mjini kumwuliza kila mmoja mahali anapolala, maana hakuna mtu asiyelala mahali. Arobaini na watatu, kwa miguu, kwa siku mbili. Nikamtakia heri.

Jumatano, 6 Machi

Nimeoga asubuhi na wazo likanijia nikiwa na povu kichwani. Nimetoka bafuni nikicheka peke yangu. Mke wangu aliuliza kuna nini. Nikamwambia akili ni mali.

Wazo lenyewe. Nyota nyekundu inataka anwani inayotambulika. Mimi ninayo. Nyumba Namba Saba, nyumba za watumishi wa manispaa. Nikiiandika hiyo kwa watu wote, mfumo utatulia. Lakini hiyo ni nusu tu. Barua za Wizara za kuthibitisha majina zitapelekwa wapi? Kwangu. Na Mratibu ni nani kama si yule mwenye barua mkononi? Afisa Ustawi atakuja mlangoni kwangu kubisha hodi, na mimi nitamwambia karibu, keti.

Nimeingiza watu thelathini. Nyumba Namba Saba, mara thelathini. Mfumo haukutia neno.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemaliza kumi na watatu waliobaki na kutuma ombi saa sita mchana, siku nzima kabla ya wakati. Skrini imeandika HONGERA kwa rangi ya kijani.

Saa nane Afisa Ustawi akaingia, viatu vimejaa vumbi, daftari mkononi. Wizara imemjibu. Kwenye anwani inatakiwa kuandikwa mahali ambapo mtu hulala kwa kawaida, na mbele ya mahali hapo iwekwe alama ya nyota, mfumo utakubali. Kumbe rahisi hivyo. Na yeye alikuwa na majibu yote arobaini na matatu. Chini ya ngazi za posta. Kibanda cha mlinzi wa shule, siku ambazo mlinzi yuko peke yake. Nyuma ya tanuri la mkate, upande wenye joto. Stendi, benchi la tatu.

Nikamwambia ombi limekwisha kwenda. Akauliza niliandika nini kwenye anwani. Nikamjibu kwamba mambo ya mfumo ni ya kitaalamu. Akalifunga daftari lake, akalipangusa vumbi. Niliona haya kidogo. Ikaisha nilipokumbuka kiti.

Jumatatu, 18 Machi

Zimefika! Barua arobaini na tatu. Mpeleka barua wa posta kaja nazo nyumbani kwangu kwenye kikapu cha baiskeli.

Dosari moja. Kila barua lazima ipokelewe na mwenyewe, kwa saini au dole gumba, kwenye anwani iliyoandikwa. Nilimwambia aniachie tu, mimi ni mkubwa wa mradi. Akanitazama kuanzia kandambili hadi kichwani, akasema kazi yake ina miaka ishirini na haijaharibika bado. Akaenda stendi na sokoni kuwatangazia watu kwamba barua zao za serikali ziko Nyumba Namba Saba, na yeye atarudi saa tisa.

Saa nane na nusu walikuwa wamejipanga kuanzia mlangoni hadi kwa jirani. Mzee Redio mbele. Mama mkwe akasema hawezi kuacha watu wazima wasimame juani bila hata maji, akafungua lango. Saini zikaanza. Nusu saa baadaye mbingu zikapasuka. Mvua ya kumwaga, na upepo. Watu wote wakajibanza barazani, kisha ukumbini, kisha kila mahali.

Chai imepikwa kwenye sufuria ya kuchemshia nguo. Mvua haijakoma. Nimemnong'oneza mke wangu kwamba hawa hawawezi kulala hapa. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu, waende wapi.

Mzee Redio alikuwa ameketi karibu na soketi ya umeme, redio sikioni. Mke wangu akaenda chumbani, akatoka na waya wa redio yetu ya zamani. Akauchomeka. Redio ikaongea. Habari za hali ya hewa, mvua kuendelea. Mzee aliishika kwa mikono miwili na machozi yakamtoka, akawa anasema tu asante mwanangu, asante mwanangu. Mimi pia machozi yalinilengalenga. Moshi wa jiko, nadhani.

Alhamisi, 21 Machi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kila mtu husema. Mama mkwe wangu ametenda. Leo asubuhi amegawa majembe mawili, la kwetu na la jirani, na ua wote umelimwa matuta ya mboga. Mgeni mmoja aliyekuwa fundi bomba kabla ya kuugua ametengeneza bomba la uani kwa dakika kumi na tano, kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mke wangu aliita majirani waje waone maji yanavyotoka. Mimi sikuitwa.

Nilipo sasa: chumba chetu cha kulala, kitandani, upande wa ukutani. Wageni wagonjwa wamepewa chumba cha pili. Akina mama chumba cha tatu. Mzee Redio yuko kwenye chumba changu cha kusomea. Analala amenyooka, mikono kifuani, anakoroma vizuri. Cheti changu kimetolewa, kwenye msumari imetundikwa ratiba ya bafu. Mimi ni wa thelathini na sita.

Nilimwendea mama mkwe kwa heshima zote nikamuuliza hali hii itaendelea mpaka lini. Akasema yeye hajamwalika mtu, kila barua imeandikwa anwani ya hapa, na hajui ni nani aliyeiandika. Alisema akinitazama. Nikaenda kukagua matuta.

Jumatatu, 25 Machi

Mkurugenzi ameniita ofisini na kufunga mlango. Mkononi alikuwa na barua ya Wizara. Inasema kwamba, kati ya miji yote iliyoomba, ni wetu peke yake ambao tayari unahifadhi watu arobaini na watatu chini ya paa moja. Mkaguzi atakuja Alhamisi, saa nne, kukiona kituo. Akaniuliza, polepole, kama nyumbani kwangu kuna kituo.

Hapo palikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kusema ukweli wote, habari ya nyota nyekundu na kila kitu. Nilisema kipo, kidogo, cha majaribio.

Akaniangalia. Kisha akanikumbatia. Mbona hukusema, ndugu yangu, mbona unafanya mema kimyakimya. Nikamwambia tenda wema nenda zako. Nimetoka pale nikiwa nimekwisha kiona kile kiti, nimekikalia, nimekizungusha.

Afisa Ustawi huja nyumbani kila jioni na dawa za kifua. Leo amenishukuru. Kwa mdomo kabisa, si kwa kichwa. Alisema alinidhania vibaya. Sikujua niweke wapi uso wangu, nikampokea mfuko wa dawa.

Alhamisi, 28 Machi

Mpango ulikuwa hivi. Suti ya kijivu. Tai. Saa nne kamili nisimame langoni, nimpokee Mkaguzi, nimtembeze, nitamke neno Mratibu mara kwa mara ili lizoeleke.

Mkaguzi amekuja saa mbili.

Saa mbili mimi nilikuwa wa tisa kwenye foleni ya bafu. Taulo kiunoni, sabuni mkononi, mswaki mdomoni. Akaingia mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, akamsalimia mama mkwe, akaanza kuandika. Aliona matuta. Aliona bomba. Alionja uji. Alisikiliza habari na Mzee Redio, wakakubaliana kwamba mvua bado. Kisha akapita kwenye foleni akihoji watu, akafika kwangu.

Akaniuliza kwa upole nimekuwa pale muda gani. Nikatoa mswaki, nikasema miaka sita. Akaandika, akatikisa kichwa kwa huruma. Akauliza kama napata chakula cha kutosha. Nikasema ndiyo, lakini foleni ya bafu haistahimiliki, kuna watu wanaimba humo ndani. Akauliza kama nina familia. Nikamwonyesha mke wangu, aliyekuwa akikoroga uji. Mke wangu aliniona namwonyesha. Akaendelea kukoroga.

Nikajaribu kumweleza kwamba mimi ni Afisa Mipango. Akanishika bega, akasema ni vizuri kuwa na matumaini.

Nilipotoka bafuni na suti yangu ya kijivu, gari lake lilikuwa linakata kona.

Jumanne, 9 Aprili

Tumepata. Fungu lote! Watu waliimba ukumbini. Mkurugenzi alisoma ripoti ya Mkaguzi kwa sauti, na nimenakili sehemu yake. "Kituo ni kidogo, kisafi na chenye bustani, kinachoendeshwa na mama mmoja mwenye uwezo mkubwa. Mkazi mmoja, mwanamume wa makamo, amelalamikia foleni ya bafu. Apewe ushauri nasaha."

Halafu masharti. Kituo kitapanuliwa pale pale kilipo, Nyumba Namba Saba. Uani yatajengwa mabweni mawili na mabafu manane. Nyumba yote iwe mali ya kituo, na mtumishi wa manispaa asiishi humo, isipokuwa wenye kazi ya kituo. Mlezi wa Kituo: mama mkwe wangu. Msimamizi wa Jiko: mke wangu. Mratibu wa Mradi: Afisa Ustawi wa Jamii.

Nikainuka kupinga. Nilikuwa na hoja nne. Mkurugenzi akadhani nimeinuka kusalimia watu. Akasema kwamba hajawahi kuona mtumishi aliyetoa nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya wanyonge, na ukumbi wote ukasimama kupiga makofi. Afisa Ustawi alikuwa analia. Makofi yalidumu. Nifanye nini? Nikapiga na mimi.

Nimepewa cheti.

Natakiwa kuhama keshokutwa. Mke wangu amenifungia begi bila ya mimi kuomba. Amesema hana kinyongo, bomba limetengenezwa, ana kazi yake, na kila Ijumaa ataniletea mashati yaliyopigwa pasi. Aliposema hayo alinirekebisha kola. Ilinichoma sana. Ningemwambia ukweli wa mambo yote pale pale, lakini mama mkwe aliita watu chakulani.

Mzee Redio ameahidi kunisindikiza mpaka langoni. Kikohozi kimekwisha kabisa. Amesema nisijali, chumba cha kusomea atakitunza.

Ijumaa, 12 Aprili

Nyumba nyingine ya watumishi haijapatikana. Nalala stoo ya vifaa vya usafi ofisini, ghorofa ya chini, kati ya mafagio na ndoo. Mlinzi wa ofisi ananiruhusu siku ambazo yuko peke yake.

Mchana nilikwenda stendi kupumzisha mgongo. Benchi la tatu lilikuwa tupu. Nikajaribu kujilaza. Chuma kikanikaa mbavuni. Nikageuka. Kikanikaa kiunoni. Mzee Redio akanikuta hapo, amekuja kulisalimia benchi lake, koti lina vifungo vipya vitano. Akaketi kando yangu akanifundisha, bila haraka. Mguu wa kushoto unapita chini ya chuma, wa kulia juu, kichwa kwenye begi, bega kwenye pembe. Ilimchukua miaka miwili kuugundua mtindo huo. Na kweli nililala, saa nzima.

Nilipoamka nililichunguza lile benchi vizuri. Ni udhaifu mkubwa. Nimeanza kuandika pendekezo la chuma cha pili.

Saa tisa Afisa Ustawi alinipeleka ofisini kwake, ghorofa ya pili. Dirisha linafunguka. Amesema mfumo umefunguliwa awamu ya pili, kwa watu wapya waliokosa makazi, na kwa sheria zilivyo ninastahili kuandikishwa. Alilisema taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi. Akanikalisha kwenye kiti chake nijaze mwenyewe. Akanieleza kwamba kwenye anwani niandike tu pale ninapolala, niweke alama ya nyota, hakuna aibu. Kisha akaenda kuniletea chai.

Kiti kinazunguka kweli. Nimezunguka mara nne.

Jina, sawa. Umri, sawa. Kisha nyota nyekundu. Mtu wa cheo changu hawezi kuandika stoo ya mafagio. Nikafikiri. Nikazunguka mara moja zaidi, na wazo likaja, zuri kuliko lile la povu.

Nimeandika Nyumba Namba Moja. Ni ya Mkurugenzi. Ina vyumba sita, mabafu mawili na watu watatu tu. Mfumo haukutia neno, na fomu nimeituma kabla chai haijafika.